Serikali na Wanaojitolea Mkoani Singida

Mkoa wa Singida ulipoanzishwa mwaka 1963, serikali ilirithi eneo ambalo sehemu kubwa ya huduma zake haikuzijenga yenyewe. Hospitali ya Kiomboi, makazi ya wagonjwa wa ukoma ya Iambi, hospitali ya Makiungu na chuo cha ualimu cha Kinampanda vilisimamishwa na makanisa, kwa sadaka za waumini wa Marekani na Ulaya, na kwa nguvu za wenyeji waliosomba mawe na kufyatua matofali. Mikoa mingi ya Tanganyika ilikuwa katika hali hiyohiyo. Lakini Singida ni mkoa mkavu, wenye msimu mmoja tu wa mvua ambazo mara nyingi hazizidi milimita 800 kwa mwaka, na mapato ya halmashauri zake hupanda na kushuka pamoja na mavuno ya alizeti, vitunguu na mtama. Mahali kama hapo, suala la nani anajenga huduma, nani anaiendesha na nani anaitunza lina uzito wa pekee.

Sekta ya hiari ina sura nyingi mkoani humo. Yapo makanisa na jumuiya za Waislamu, yapo mashirika yasiyo ya kiserikali yenye ofisi mjini Singida, vipo vikundi vya kijiji vyenye kitabu cha mahudhurio na sanduku la akiba, na yupo mwananchi anayetoka nyumbani na jembe siku ya kazi za pamoja bila kusajiliwa popote. Huyu wa mwisho ndiye mwenye historia ndefu kuliko wote.

Pombe ya kazi na amri ya kazi

Miongoni mwa Wanyaturu na Wanyiramba, kaya iliyoelemewa na kazi ya kulima, kupalilia au kujenga tembe ilipika pombe ya nafaka na kuita majirani. Waliokuja walifanya kazi kwanza, wakanywa baadaye, na kila mmoja alijua kwamba siku yake ya kuita itafika. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyechapisha kitabu chake juu ya Wahi Wanyaturu mwaka 1970, aliieleza kazi hiyo ya pombe kama sehemu ya uchumi wenye hesabu zake: nafaka iligeuzwa nguvu kazi, nayo nguvu kazi ikazaa nafaka na hatimaye mifugo.

Serikali ya kikoloni iliukuta utaratibu huo ikauchukulia kama hazina ya bure. Kupitia machifu na majumbe, watu waliamriwa kutengeneza barabara na kufyeka vichaka vya mbung'o, na aliyekosa alitozwa faini. Kwa macho ya mgeni kazi ilifanana na ile ya zamani: watu wengi, majembe, siku moja. Tofauti ilikuwa kwamba aliyeita hakuwa jirani ambaye naye angeitwa kesho. Mpaka huu kati ya kazi ya hiari na kazi ya amri umekuwa hafifu tangu wakati huo, na mpaka leo kijiji kinaweza kuiita "ya kujitolea" kazi ambayo sheria ndogo inamtoza faini asiyefika.

Misheni, ruzuku na utaifishaji

Walutheri wa Leipzig walifika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani waliposhindwa vitani, kazi yao ilibaki bila wenyewe hadi Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walipoichukua katika miaka ya 1920, wakaendelea kutoka Ruruma hadi Kiomboi, Iambi na Kinampanda. Upande wa kusini, katika nchi ya Wanyaturu, Wakatoliki walijenga Makiungu, ambako masista wa Medical Missionaries of Mary kutoka Ireland walianza kazi ya tiba katika miaka ya 1950.

Serikali ya Kiingereza haikuwazuia. Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza serikali na misheni zishirikiane katika elimu, na baada ya hapo shule za misheni zilizofikia viwango zikaanza kupewa ruzuku. Ruzuku ilikuja na mkaguzi. Misheni ikabaki mwenye shule, serikali ikawa mwenye mtaala. Mpango huu ulikuwa nafuu kwa hazina ya koloni, ila ulikuwa na kasoro moja kubwa: shule zilifuata ramani ya madhehebu. Mtoto wa Kiislamu, au wa wazazi wenye kushika dini ya jadi, mara nyingi alikuta mlango wa shule uko ndani ya uzio wa kanisa.

Kasoro hiyo ndiyo iliyoipa serikali huru hoja yake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya dola, na Kinampanda ikawa chuo cha serikali, kama ilivyo hadi sasa. Lengo la usawa lilikuwa la haki, na ni vigumu kuona lingefikiwaje haraka kwa njia nyingine. Hata hivyo, hatua hiyo haikusimama peke yake. Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku mwaka 1968, serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Katika muda usiofika miaka kumi, karibu kila chombo ambacho raia angekitumia kuzungumza na serikali bila kupitia chama tawala kilikuwa kimeondolewa au kimegeuzwa tawi la chama. Watu wakahamishiwa vijijini, na sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ikakifanya kijiji kuwa chombo kinachotambuliwa kisheria. Jambo hilo la mwisho halikupewa uzito wakati ule, lakini miaka 20 baadaye lilikuja kuokoa msitu.

Hospitali hazikuguswa kwa mkono uleule. Kiomboi iliishia mikononi mwa serikali na leo ni hospitali ya Wilaya ya Iramba, lakini Iambi na Makiungu zilibaki za makanisa. Serikali ilihitaji vitanda vya hospitali hizo kuliko ilivyohitaji kuzimiliki.

Mapatano ya 1992

Uchumi ulipoporomoka katika miaka ya 1980, zahanati za serikali zilibaki na kuta bila dawa. Mwaka 1992 Serikali ya Tanzania, Baraza la Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki walitia saini hati ya makubaliano juu ya elimu na afya, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa kuisimamia. Kwa hati hiyo serikali iliahidi kusaidia huduma za makanisa, na makanisa yakapata uhakika kwamba yaliyotokea baada ya 1969 hayatarudiwa kienyeji.

Namna makubaliano hayo yanavyofanya kazi huonekana vizuri zaidi ndani ya wodi. Katika hospitali ya kanisa yenye mkataba na halmashauri, wauguzi wawili wanaweza kupokezana zamu moja, mmoja akilipwa mshahara na serikali na mwenzake akilipwa na dayosisi au jimbo. Sehemu ya dawa hutoka Bohari ya Dawa, sehemu hununuliwa kwa fedha za wagonjwa, na mashine fulani ina kibandiko cha mfadhili wa ng'ambo. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wanatakiwa kuhudumiwa bila malipo, kwa sera ya taifa, nayo hospitali inatakiwa kurudishiwa gharama hizo kwa mujibu wa mkataba. Fedha ikichelewa, mganga mfawidhi anabaki na njia tatu, zote mbaya: kutoza wasiotakiwa kutozwa, kukopa kwa muuza dawa, au kupunguza huduma.

Mshahara nao una mvuto wake. Serikali ilipopandisha mishahara ya watumishi wa afya katikati ya miaka ya 2000 na kufungua ajira mpya, wauguzi wengi wa hospitali za makanisa nchini walihamia serikalini. Hakuna aliyekusudia kuzidhoofisha hospitali hizo. Ilikuwa hatua njema iliyopangwa bila kumkumbuka mshirika, na hospitali za pembezoni, ambako kumpata muuguzi mwingine huchukua miezi, ndizo zilizoumia zaidi. Huko Itigi, kando ya Reli ya Kati, hospitali ya Mtakatifu Gaspar ya Wamisionari wa Damu Azizi inapokea wagonjwa wa eneo kubwa lenye vijiji vilivyotawanyika. Hospitali ya aina hiyo ikitetereka, mgonjwa hana mlango wa pili wa karibu.

Msitu wa Mgori

Mfano wenye mafunzo mengi kuliko yote mkoani haukuanzia kanisani wala katika ofisi ya shirika. Msitu wa Mgori, upande wa mashariki wa Wilaya ya Singida, ni miombo yenye ukubwa wa hekta 40,000 na zaidi, na umezungukwa na vijiji vitano. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa na nia ya kuutangaza kuwa hifadhi yake. Wakati nia hiyo ikisubiri taratibu, msitu ulikuwa unaliwa: wapasua mbao waliingia, wawindaji waliingia, na mashamba ya mtama yalisogea ndani mwaka hadi mwaka. Walinzi wa misitu waliolipwa na serikali walikuwa wachache mno kwa eneo lile. Mwanakijiji aliyemwona mpasua mbao hakuwa na sababu ya kumzuia, kwa kuwa msitu ulihesabiwa kuwa wa serikali, na kile ambacho serikali ilikuwa karibu kukifunga, kila mtu aliona heri akichume mapema.

Katika Babati jirani, vijiji vya msitu wa Duru-Haitemba vilikuwa vimeshaikabili serikali juu ya jambo hilohilo, na vikaachiwa kuulinda msitu wenyewe. Kwa msaada wa programu ya ardhi iliyofadhiliwa na Sweden, na ushauri wa mtaalamu Liz Wily, njia hiyo ilipelekwa Mgori. Kuanzia mwaka 1995 kila kijiji kilishika sehemu yake ya msitu. Mipaka ilikubaliwa kwa kutembea porini, wazee wa pande mbili wakionyeshana mbuyu, korongo na kichuguu. Kamati ya msitu ilichaguliwa, mpango wa matumizi ukaandikwa, ukitaja wapi ng'ombe walishwe, wapi mizinga itundikwe na wapi shoka lisiingie. Kisha mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha sheria ndogo na kuzipeleka halmashauri ya wilaya kuidhinishwa.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyobeba yote. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ilikuwa imekipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, uwezo ambao vijiji vingi vilikuwa havijawahi kuutumia kwa jambo zito. Sheria ndogo ilipoidhinishwa, kijana wa doria hakuwa tena mtu mwenye kujipendekeza kwa bwana misitu. Alikuwa na karatasi iliyompa mamlaka ya kumfikisha mkosaji mbele ya kijiji, awe mgeni au ndugu yake. Walinzi hawakuwa na mshahara. Walichopata, katika utaratibu wa aina hii, ni kusamehewa kazi nyingine za pamoja, na faini zilizokusanywa zilibaki kijijini.

Serikali ilijifunza kutoka kwa vijiji hivyo kabla sheria zake hazijafika. Sera ya Taifa ya Misitu ilitoka mwaka 1998 na Sheria ya Misitu mwaka 2002, na zote mbili zikaupa msitu wa hifadhi wa kijiji nafasi rasmi nchi nzima. Mambo hayakuwa mepesi baadaye. Mashamba mapya na mkaa huukabili kila msitu wa Kanda ya Kati, na kijiji peke yake hakiwezi kumzuia mtu mwenye lori na mtaji wa mjini. Lakini Mgori ilithibitisha kwamba mtu hujitolea kwa muda mrefu anapokuwa na kauli juu ya kile anachokilinda.

Mashine ya maji

Kwenye maji mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1971 serikali iliahidi maji safi ndani ya mita 400 kutoka kwa kila kaya ifikapo 1991, tena bila malipo. Visima vilichimbwa na pampu zikafungwa kwa fedha za wafadhili, na fundi wa kuzitengeneza akabaki mkoani na gari lisilo na mafuta. Sera ya maji ya mwaka 1991, na ile iliyoifuata mwaka 2002, zikageuza mzigo: kijiji kichangie ujenzi, kiunde kamati, kiwe na mfuko wa maji na kibebe gharama za matengenezo.

Hapo mashirika yalipata kazi kubwa. WaterAid, iliyokuwa imeanza Dodoma kwa kuunganisha maofisa wa maji, maendeleo ya jamii na afya katika timu moja na watu wake, ilifanya kazi pia Singida. Mashirika ya hapohapo mkoani, yakiwemo HAPA na SEMA, yalichimba visima, yakafundisha kamati na kuhimiza vyoo. Sehemu ngumu ilikuja baada ya sherehe ya uzinduzi. Kamati ilikabidhiwa mashine, spana na daftari, lakini katika vijiji vingi mfuko wa maji uliwekwa karibu na mkono wa serikali ya kijiji, nao ukakopwa kwa mambo mengine. Mweka hazina wa kamati, mara nyingi mwanamke aliyeaminiwa kwa uadilifu wake, hakuwa na sheria ya kumwezesha kumkatalia mwenyekiti wa kijiji. Mipira ya pampu ilipochakaa hakukuwa na fedha, na ndoo zikarudi kwenye makorongo. Vituo vya maji vya vijijini vilipohesabiwa nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, karibu vinne katika kila kumi vilikuwa havitoi maji.

Kijiji kilikuwa kimepewa wajibu bila nguvu, kinyume kabisa cha Mgori. Sheria ya maji ya mwaka 2009 ilijaribu kurekebisha kwa kuvipa vyombo vya watumiaji maji usajili wao wenyewe, tofauti na serikali ya kijiji. Sheria ya mwaka 2019 ikaanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, unaovisimamia vyombo hivyo na kubeba matengenezo makubwa yanayovishinda. Serikali imerudi kisimani baada ya kuondoka kwa takribani miaka 30, na kurudi huko kulistahili.

Lawalawa

Kuna kazi ambazo dola ina sheria kali juu yake lakini haina macho ya kuziona. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana iliufanya ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa lenye kifungo cha miaka mitano hadi 15. Mkoani Singida kisu hakikuwekwa chini mara moja. Katika jamii kadhaa kilihamia kwa watoto wachanga, ndani ya nyumba, bila ngoma wala wageni, na sababu inayotajwa ni lawalawa: maradhi ya mwasho na uchafu sehemu za siri za mtoto, yanayoaminiwa kwamba dawa yake ni kukata. Kwa daktari, dalili hizo ni maambukizi ya kawaida yanayopona kwa usafi na dawa za zahanati.

Polisi hawawezi kukamata kitu kilichofanywa na bibi saa nne za usiku. Mashirika madogo ya Singida, kama ESTL, yamepita njia nyingine: kukaa na bibi na ngariba, kuwapa wazee wa mila nafasi ya kutamka wenyewe kwamba desturi hiyo imekoma, na kuwaomba wauguzi wa kliniki wawe tayari kumtibu mtoto mwenye lawalawa bila kumfokea mama yake. Kwa takwimu za kitaifa, wanawake wa miaka 15 hadi 49 mkoani humo waliokeketwa walikuwa asilimia 51 mwaka 2010 na asilimia 31 katika utafiti wa 2015/16. Kushuka huko kunatia moyo, ingawa takwimu za watu wazima haziwezi kuonyesha yanayowapata vichanga leo. Katika suala hili kila upande unamhitaji mwenzake waziwazi: bila sheria shirika lingekuwa mhubiri tu, na bila shirika sheria ingebaki Dodoma.

Maboma

Mchango mkubwa zaidi wa hiari haumo katika ripoti ya shirika lolote. Ni jengo lisiloezekwa. Kitongoji kinapoamua kupata darasa au zahanati, watu huchimba msingi, hukusanya mawe na mchanga, akina mama huchota maji, na kila kaya hutoa kiasi kilichokubaliwa mkutanoni. Kuta hupanda hadi usawa wa lenta. Hapo saruji, nondo na bati huwa nje ya uwezo wa kijiji, na taratibu za serikali ni kwamba halmashauri ndiyo imalizie. Jengo linalosubiri huitwa boma, na maboma ya madarasa na zahanati yametapakaa katika mkoa. Mvua mbili tatu zikilikuta bila bati, matofali ya juu huanza kumeguka.

Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 uliongeza sana ujenzi wa aina hii, kwani kila kata ilihimizwa kuwa na sekondari yake. Mwaka 2016 elimu bila malipo ilipoanza, michango ya lazima shuleni ikapigwa marufuku. Wazazi maskini walipata nafuu ya kweli, lakini baadhi ya watendaji na wananchi walielewa kwamba mchango wa aina yoyote umekatazwa, na serikali ikalazimika kueleza mara kwa mara kwamba wa hiari unaruhusiwa. Boma lililochelewa huharibu zaidi ya matofali. Diwani anayerudi kwenye mkutano kuomba nguvu za watu kwa ajili ya zahanati huulizwa kwanza kuhusu darasa lililosimama bila paa tangu kiongozi aliyepita.

Usajili na uangalizi

Sheria zinazoyaongoza mashirika zimekua kwa mikupuo. Sheria ya vyama ya mwaka 1954 ilimpa msajili uwezo mpana wa kukifuta chama, na uwezo huo ulitumika dhidi ya Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lililofutwa mwaka 1997. Mahakama Kuu iliamua kwa upande wa baraza hilo mwaka 2009, wakati ambapo lilikuwa limeshapoa. Sera ya Taifa ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ilitoka mwaka 2001, na sheria yake, namba 24, mwaka 2002. Iliunda ofisi ya msajili, baraza la mashirika yenyewe, NaCoNGO, na usajili wa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa na kimataifa. Kanuni za mwaka 2018 zilitaka mikataba ya ufadhili inayozidi shilingi milioni 20 iwasilishwe serikalini, na marekebisho ya mwaka 2019 yakakipa cheti cha usajili uhai wa miaka kumi.

Fedha inayoombwa kwa jina la maskini inapaswa kutolewa hesabu mbele yao, kwa hiyo uwazi unaotakiwa ni wa haki. Tatizo liko katika kipimo. Shirika la kimataifa lina mhasibu na wakili wa kuandaa ripoti. Shirika la watu watano wilayani Mkalama lina katibu anayejitolea, na ada pamoja na gharama za ukaguzi wa hesabu vinaweza kumeza sehemu kubwa ya bajeti yake. Uangalizi uleule humgharimu mdogo zaidi kuliko mkubwa.

Mtu anayekutanisha pande hizi ni ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Ndiye anayehakiki vikundi, anayepokea taarifa za mashirika, na anayetakiwa kuhakikisha mradi wa shirika umo katika mpango wa wilaya, ili mradi ukifika mwisho bajeti ya serikali iwe na kifungu cha kuuendeleza. Mahali ambapo mpango wa kijiji unaoibuliwa kwa njia ya fursa na vikwazo kwa maendeleo unasomwa kabla mfadhili hajachagua kijiji, kisima huchimbwa panapohitajika na mrithi wake hujulikana tangu mwanzo. Mahali ambapo shirika hufika likiwa na orodha yake tayari, ofisa huyo huarifiwa siku ya uzinduzi, na halmashauri hupokea mali ambayo haikuipangia fundi, vipuri wala mlinzi.